MASHINE HAIUGUZI MTU
(Hotuba kwa kamati ya hospitali, wauguzi na wananchi)



Nimeombwa niseme juu ya chumba cha wagonjwa mahututi. Wengi wetu twakijua kwa mlango wake tu, maana tukifika pale twaambiwa tungoje nje. Leo tuingie ndani tumtazame anayekesha.

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, uliingiwa na ugonjwa wa polio. Katika majuma matatu ya kwanza, wagonjwa 31 walioshindwa kupumua walitibiwa, na 27 kati yao wakafa. Daktari Bjørn Ibsen akashauri mgonjwa atobolewe koo, atiwe mpira, na hewa isukumwe kwa mfuko unaokamuliwa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapata 1,500 wakashika zamu usiku na mchana wakikamua mifuko ile. Vifo vikapungua sana. Hapo ndipo ilipo asili ya vyumba vya wagonjwa mahututi: mikono ya watu.

Tumesahau jambo hilo. Ilipokuja korona mwaka 2020, serikali nyingi zilikimbilia kununua mashine za kupumulia. Lakini mashine hupiga kengele tu. Anayejua kwa nini imelia ni nesi, na nesi huyo hufunzwa kwa miaka.

Basi akiachiwa wagonjwa wanne, huku kengele mbili zikilia pamoja, amkimbilie nani? Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Bibi Linda Aiken walitangaza habari za hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania. Kila nesi alipoongezewa mgonjwa mmoja, hatari ya mgonjwa wa upasuaji kufa katika siku 30 ilizidi kwa asilimia 7, na hatari ya nesi kuchoshwa kabisa na kazi ilizidi kwa asilimia 23. Huko California sheria yakataza nesi wa mahututi kupewa wagonjwa zaidi ya wawili.

Mwaka 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi Uingereza. Simlaumu anayekwenda. Wazee walisema mcheza kwao hutuzwa; asiyetuzwa kwao afanyeje?

Mtasema fedha hatuna. Mshahara wa haki wataka fedha, na lazima tuudai. Lakini mwaka 1983 wauguzi wataalamu wa Marekani walichunguza hospitali 41 ambazo zilipata wauguzi na kukaa nao, wakati nyingine zilikuwa zikiwakosa. Walikuta wakubwa wanaosikiliza, na wauguzi wenye sauti katika kazi yao. Sikio halinunuliwi dukani. Kwa hiyo naiomba kamati mambo matano:

Kwanza, orodha ya zamu ibandikwe mapema, ili nesi naye apange mambo ya nyumba yake.

Pili, aliyezoea mahututi asihamishwe wodi nyingine kila penye pengo.

Tatu, daktari amsikilize nesi, maana ndiye aliyekuwa na mgonjwa saa nane za usiku.

Nne, oksijeni, dawa na glavu viwe tayari kabla ya zamu kuanza. Nesi asitukanwe na jamaa za mgonjwa kwa vitu ambavyo si kazi yake kununua.

Tano, mgonjwa akifa, nesi apewe nafasi ya kukaa na wenzake kidogo kabla kitanda hakijajazwa. Naye ni mtu, na kifo kile amekiona kwa macho yake.

Ndugu wananchi, kiongozi akija kutufungulia wodi mpya, tupige makofi. Kisha tumwulize: vitanda tumeviona, wauguzi wa kukesha navyo wako wapi, na mwakani watakuwapo bado? Tusikubali kuondoka bila jibu.