Je, Aliyeokoka Aweza Kuupoteza Wokovu Wake?

(Hotuba iliyotolewa Tunduma mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi waliopo)



Kamati iliponialika ilinipa uhuru wa kuchagua mada, ila ikanidokeza kwamba ingependeza kama ningezungumza juu ya utumishi wa umma, au maisha baada ya chuo kikuu. Naiomba radhi Kamati. Hayo mtayasikia kwa wengine wenye maneno matamu kuliko mimi. Nimechagua swali ambalo sisi tulikuwa tukiligombania bwenini usiku, taa zikiisha kuzimwa, na ambalo mwalimu wa zamu ameniambia kwamba linagombaniwa hadi leo: mtu akiisha kuokoka, je, aweza kuupoteza wokovu wake?

Mimi si mchungaji wala mwinjilisti, na sina cheo chochote kanisani. Lakini katika jambo hili nina deni, na ni vizuri mlijue kabla sijaendelea.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa katibu wa kikundi kimoja cha sala. Usiku mmoja, karibu na kufunga shule, mwenzetu mmoja, mwimbaji hodari wa besi, alitoroka na wenzake wakavuka kwenda Nakonde, akarudi amelewa. Jumapili iliyofuata alikuja kwenye sala akaketi nyuma kabisa. Mimi nilisimama, nikafungua Waebrania sura ya 6, nikaisoma kwa sauti. Kisha nikamwambia, mbele ya wenzake wapatao arobaini, kwamba aliyekwisha kuonja mambo ya mbinguni akaanguka hana njia ya kurudi, kwa hiyo asijisumbue kuja. Hakujibu neno. Aliinuka, akatoka, na hakuingia tena kanisani kwa miaka kumi na tisa.

Mwenzetu huyo yumo humu ukumbini. Nilimwomba ruhusa ya kuisimulia habari hii, akanipa, kwa sharti kwamba nisimtaje jina na nisiipambe.

Sasa tuliangalie swali lenyewe. Maandiko nitayapitia haraka, maana wengi wenu mnayajua kuliko mimi. Wanaosema kwamba wokovu haupotei husimama juu ya Yohana 10, pale Bwana asemapo kwamba hakuna awezaye kuwapokonya kondoo mkononi mwake. Na juu ya Warumi 8, na Wafilipi 1:6. Wanaosema kwamba hupotea husimama juu ya Waebrania 6 na 10, juu ya Ezekieli 18, juu ya 2 Petro 2, na juu ya Paulo mwenyewe ambaye katika 1 Wakorintho 9 anaonyesha kuhofu asije akahubiri wengine kisha yeye akakataliwa. Vijana bwenini hurushiana aya hizi kama mawe, na kila upande hulala ukiamini kwamba umeshinda. Ukweli ni kwamba aya zote zimo katika Kitabu kimoja, na walioukusanya Ukristo wao kutoka nusu moja tu wamekwisha kuikata nusu ya pili.

Jambo ambalo hatukufundishwa ni kwamba ubishi huu ulitufikia hapa kwetu kwa miguu, na tena kwa njia mbili. Kaskazini mashariki mwetu Wamoravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, wakafungua kituo cha Mbozi mwaka 1899. Ng'ambo ya pili ya mpaka, karibu na Nakonde, Wapresbiteri wa Scotland wa misheni ya Livingstonia walifungua kituo cha Mwenzo katika miaka hiyo hiyo ya 1890. Mpaka wenyewe ulikuwa umekubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, nao ukawakata Wanyamwanga katikati bila kuwauliza. Basi ndugu wa ukoo mmoja wakabatizwa, huyu huku na yule kule, na pamoja na ubatizo wakapokea mafundisho yaliyokuwa yamekwisha kugombana huko Ulaya zamani sana.

Wascotland walikuja na Ungamo la Westminster, lililoandikwa katika miaka ya 1640, ambalo hufundisha kwamba wale ambao Mungu amewapokea kweli waweza kuanguka vibaya, hata kwa muda mrefu, lakini hawaanguki moja kwa moja. Wamoravian, kama Walutheri, wanaliheshimu Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, na kifungu chake cha 12 kinawapinga wale wanaosema kwamba mtu aliyekwisha kuhesabiwa haki hawezi tena kumpoteza Roho Mtakatifu. Kifungu hicho hicho, hata hivyo, kinasema kwamba walioanguka baada ya ubatizo waweza kusamehewa wakati wowote waongokapo, na kwamba kanisa lapaswa kuwafungulia. Sikulijua hilo nilipokuwa katibu. Nilikuwa na nusu ya kwanza ya kifungu mdomoni, nusu ya pili hakuna aliyenipa, nami sikuitafuta.

Baadaye wakaja Wapentekoste, ambao aghalabu hufundisha kwamba mtu aweza kuuacha wokovu, na Wakatoliki nao wana neno lao juu ya dhambi ya mauti na kitubio. Sitayafafanua hayo yote, saa haitoshi.

Ila nataka tuseme wazi kwamba mbele ya watu wetu wa kawaida swali hili haliji kwa jina la Westminster wala Augsburg. Huja kwa jina la kutengwa. Ninyi nyote mnajua maana yake: mtu ameoa mke wa pili, au binti amepata mimba nyumbani, au mzee amekutwa kwenye pombe, jina lake husomwa, akanyimwa Meza ya Bwana, akakaa benchi la nyuma mpaka siku ya kurudi kundini. Kusudi la awali la jambo hili lilikuwa jema, yaani kumrudi mtu ili apone. Lakini kijijini mtu aliyetengwa huhesabiwa kuwa amepotea. Na akifa kabla ya kurudishwa, mchungaji haji.

Nimehudhuria maziko ya namna hiyo. Marehemu alikuwa mzee wa ukoo wetu, mjenzi, ambaye matofali ya kanisa lake aliyachoma kwa mikono yake. Alitengwa kwa ajili ya mke wa pili. Alipougua alituma ujumbe mara mbili kuomba arudishwe, akajibiwa kwamba asubiri kikao. Kikao kilikaa siku tisa baada ya yeye kufa. Tulimzika bila kengele na bila joho, wimbo ulianzishwa na wanawake, na mjomba wangu aliyekuwa hajui kusoma vizuri ndiye aliyeomba. Jioni ile bibi yangu aliniuliza mimi niliyetoka chuo kikuu: "Baba, huyu sasa yuko wapi?" Nilikuwa na shahada, na sikuwa na jibu.

Nikaanza kusoma. Nikagundua kwamba swali la bibi yangu lilikuwa limeulizwa katika Afrika hii hii zaidi ya miaka elfu moja na mia saba iliyopita. Mwishoni mwa mwaka 249 Kaisari Decius aliamuru wakazi wa dola ya Kirumi watoe sadaka kwa miungu na wapewe hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi wa Karthago, mahali palipo sasa Tunisia, walishindwa. Wengine walitoa sadaka kweli. Wengine (na hapa mimi kama mtumishi wa ofisi nilitabasamu) walinunua hati tu kwa maofisa bila kutoa sadaka yoyote. Dhoruba ilipotulia walitaka kurudi. Huko Roma Novatian alisema kanisa halina uwezo wa kuwapokea, akajitenga na watu wake. Askofu Cyprian wa Karthago na maaskofu wenzake walikutana mwaka 251, wakaamua kwamba waliokosa warudi kwa toba, kila mmoja kwa kadiri ya kosa lake: aliyenunua hati asipimwe sawa na aliyetoa sadaka, na aliyetoa sadaka afanye toba ndefu. Ilipozuka tena hofu ya mateso, wakaona hata hao wapokewe, wasikutwe na kifo wakiwa nje. Cyprian mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba alikuwa mpole kwa sababu ya woga.

Na karibu na kwetu zaidi upo Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukaingia Bukoba kwa Walutheri, na Kenya. Marehemu Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alitokana nao. Watu hawa walikuwa wakali juu ya dhambi, lakini waliketi kila juma na kuungama wao kwa wao, waliookoka miaka ishirini pamoja na waliookoka jana. Hawakuona ajabu mtu aliyeokoka kuwa na la kuungama. Ajabu kwao ilikuwa ni yule asiye nalo. Hata hivyo na humo walitokea, hasa Uganda, waliowaambia wenzao kwamba wamelala na hawana budi kuamshwa upya, wakiongeza masharti, hata la kutodaiwa fedha na mtu. Kwa kipimo hicho, ndugu zangu, sijui ni nani kati ya wafanyakazi wa Serikali waliomo humu angebaki ameokoka mpaka tarehe kumi na tano.

Mtaniuliza: basi wewe wasema nini? Nitasema kwa mfano wa hapa nyumbani. Mtanzania akivuka mpaka kwenda Nakonde kwa njia ya panya, bila kibali, amevunja sheria. Akikamatwa ataadhibiwa. Lakini hajapoteza uraia wake. Hata akilala kule mwaka mzima, bado ni wetu. Lakini chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima akiomba kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine akaupata, uraia wake wa Tanzania umekoma. Kuzurura ni jambo moja, kuukana ni jambo la pili. Hivyo ndivyo nionavyo mimi. Naamini mtu aweza kumkana Bwana kwa kusudi na kwa macho makavu, na maonyo ya Waebrania si vitisho vya kuwatishia watoto. Lakini kuanguka si kukana. Rafiki zangu waliolelewa na mafundisho ya Mwenzo watasema kwamba aliyekana hivyo hakuwa raia tangu mwanzo, nao wana 1 Yohana 2:19 mkononi. Sitagombana nao. Mfano wangu unachechemea mahali pamoja: daftari la uraia huu halimo katika ofisi yoyote ya hapa duniani, wala karani wake si katibu wa kikundi cha sala.

Wala wasije wengine wakachukua maneno yangu kuwa leseni. Wapo hapa mjini wanaopitisha magendo usiku kwa pikipiki, na asubuhi hutoa sadaka nono wakisema wamekwisha kufunikwa na damu. Wapo watumishi wenzangu wapokeao "kitu kidogo" Ijumaa na kuimba kwaya Jumapili, bila haya hata kidogo. Kwa hao Waebrania 6 isomwe, tena polepole. Kosa langu lilikuwa kuisoma kwa mtu aliyekuja mwenyewe kuketi benchi la nyuma. Aliyekana haji kwenye sala. Na laiti ningeendelea kusoma mpaka aya ya 9, ningekuta kwamba mwandishi mwenyewe, baada ya onyo lake kali, anawageukia wasomaji wake na kuwaambia kwamba kwao anatarajia yaliyo mema zaidi.

Mwaka juzi, nilipomtafuta mwenzangu yule kwa simu na kumwomba radhi, nilimwambia kwamba leo ningemsomea Luka 22, pale Bwana anapomwambia Petro, kabla Petro hajaanguka, kwamba amekwisha kumwombea imani yake isitindike. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Akasema Jumapili ile hakuwa amekuja kusomewa kitu chochote. Fedha yake yote ilikuwa imeishia Nakonde, shule inafungwa kesho yake, na alikuwa amekuja kuniomba nimkopeshe nauli ya kurudi kwao.

Ndugu Mwenyekiti, naona mikono imekwisha kuinuka kule nyuma kwa kidato cha nne. Naomba waanze wao.