Kwa Nini Minyoo Inarudi?

Mara nyingi munatuuliza: «Mutoto alikunywa dawa, sababu gani minyoo inarudi?»

Ni hivi. Dawa inaua minyoo ya tumboni, haiui mayai yaliyo katika udongo. Mnyoo jike mmoja mkubwa unaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Mtoto akijisaidia nyuma ya nyumba, mayai yanakomaa pale, halafu yanarudi kinywani kwa mikono michafu. Minyoo mingine inapita katika ngozi ya miguu na kunyonya damu tumboni. Mtoto anakosa nguvu.

Basi, mavi ya watoto, hata wachanga, tuyatupe chooni. Tunawe mikono kwa sabuni mbele ya kula. Tuwavalishe viatu. Mtoto akitimiza mwaka 1, mumulete apewe dawa kila miezi 6. Dawa bila choo ni kazi bure.