Mzee Mcheshi Naye Apimwe Presha
(Mada iliyotolewa kwa vijana, Kinoo, baada ya sala ya alasiri)



Ndugu yangu msomaji, tuanze na salamu. Ukimuuliza mtu wa kwetu "habari?", atakujibu "nzuri" hata kama ametoka kuzika. Kisha ndio aongeze "ila..." Mambo yenyewe yako baada ya hiyo "ila". Huu si unafiki, ni adabu. Lakini mimi adabu hii imenigharimu.

Baba yangu alikuwa mcheshi. Hapa Kinoo, kuanzia stejini pale Waiyaki Way mpaka mlango wa msikiti, alitaniana na kila mtu. Sisi watoto tulikuwa tumesikia furaha ni dawa, tukaridhika: mzee anacheka, basi mzee ni mzima. Mwaka 2018 akapooza upande mmoja. Kumbe presha ilikuwa juu, na hakuna kati yetu aliyewahi kumpeleka kupimwa.

Tangu hapo nasoma sana juu ya jambo hili. Ni kweli, tafiti nyingi zimeona wenye furaha huwa na afya bora. Lakini nyingi zilifanywa Marekani na Ulaya. Mwaka 2017, Jiah Yoo, Yuri Miyamoto na wenzao walilinganisha Wamarekani na Wajapani, wakaangalia mafuta yaliyomo kwenye damu. Kwa Wamarekani, waliosema wana furaha zaidi walikuwa na mafuta ya damu yenye hali nzuri zaidi. Kwa Wajapani uhusiano huo haukuonekana! Uzito wa mwili ulieleza sehemu ya tofauti hiyo. Tena utamaduni wenyewe si mmoja: Mmarekani anafundishwa kuitafuta furaha, Mjapani anafundishwa pia kwamba ina madhara yake, ikizidi huleta husuda.

Sasa njoo kwetu. Furaha yetu hupitia jikoni. Mgeni wa futari atapewa sambusa, viazi karai, kaimati, chai ya maziwa yenye sukari, halafu pilau. Ukisema umeshiba unaulizwa, "Kwani chakula changu hakina chumvi?" (Na mama aliyesimama jikoni tangu adhuhuri naye sharti atabasamu, hilo tuliseme siku nyingine.) Sisemi futari ndiyo iliyomwangusha mzee wangu. Wala sitaki tuache kukaribishana, maana mkeka ule ule ndio unaomtoa mjane na kijana asiye na kazi katika upweke. Nasema kicheko cha mkekani hakionyeshi kilicho ndani ya mishipa.

Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Presha mara nyingi haina dalili. Kupima ni dakika chache, unafungwa mkono tu. Na aliye na dawa amwone daktari kabla ya kufunga, asijikatie vidonge mwenyewe ati kwa sababu ni Ramadhan.

Mzee bado yuko nasi, alhamdulillah, na utani wake. Nikimuuliza habari anajibu "nzuri", kwa upande mmoja wa mdomo. Siku hizi siondoki. Nakaa hapo nasubiri "ila".