Mizigo Ina Reli, Kibarua Ana Miguu

Msikilizaji, ukishuka daladala pale Tazara, Dar es Salaam, saa kumi na mbili asubuhi, utaona watu wanapita kwa miguu chini ya daraja la Mfugale, kundi baada ya kundi. Daraja hilo lilifunguliwa 2018, na foleni ya wanaokwenda uwanja wa ndege ikapata ahueni kweli. Hawa wa chini wametoka Buguruni, Vingunguti na Kiwalani, wanawahi mageti ya viwanda vya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Wengi ni vibarua. Kibarua akichelewa anakuta watu wameshachukuliwa, anarudi nyumbani mikono mitupu.

Ukanda huu haujakosa njia. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1905, ina upana wa mita moja. Ya Tazara, inayokwenda kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ina milimita 1,067. Na reli mpya ya SGR, iliyoanza kupeleka abiria Morogoro 2024, ina milimita 1,435. Reli tatu, kila moja na upana wake, behewa la hii haliwezi kupita kwenye ile. Wajenzi wa kila moja walikuwa wanatazama mbali: Kigoma, Zambia, Dodoma. Barabara ya Mandela nayo imejaa malori ya makontena yatokayo bandarini. Mzigo umefikiriwa sana. Dada wa Vingunguti anayefunga mzigo huo kiwandani amefikiriwa lini?

Na kumbeba kibarua kwa reli inawezekana, tumeshaona. Mwaka 2012 zilianza treni za mjini, watu wakaziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, zikapita juu ya reli zile zile za zamani kubeba watu asubuhi na jioni. Hazikungoja reli mpya. Zilitaka mabehewa, ratiba, na mtu wa kuamua.

Sasa njia za mabasi ya mwendokasi zinaelekea Gongo la Mboto kwa barabara hii hii. Nawaomba wapanga ratiba jambo moja: njooni getini saa nne usiku, zamu ya jioni inapotoka. Simameni na wale akina mama pembeni mwa barabara, muone bodaboda anawatajia bei gani, na wangapi wanaamua kutembea gizani, wakivuka reli kwa mwanga wa simu.