Shanta Si Sanduku la Bati

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponipigia simu nilidhani ataniomba nizungumzie utumishi serikalini, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kumbe vijana watano wa chama chetu wanajiandaa kwenda Mlima Kenya, si kwa njia ya watalii, bali kwa kamba hadi vilele vya Nelion na Batian. Wameomba waambiwe wanunue mashanta ya namna gani. Huenda wengine wenu mkaona hilo ni jambo dogo. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini mimi silioni dogo.

Sote tunalikumbuka sanduku la bati. Siku ya kufungua shule, sanduku ndilo lililokuwa heshima ya mtu. Mwenye kubwa alitazamwa kwa macho mengine, hata kama ndani mlikuwa na shuka moja na daftari kuukuu. Fikra hiyo nilikwenda nayo hadi Uskoti, nilikopelekwa kusoma shahada ya pili.

Januari 2008, mwanafunzi mwenzangu mwenyeji wa kule alinialika kupanda Ben Nevis, mlima wenye meta 1,345. Msiucheke kwa ufupi wake. Wakati wa baridi kilele chake hufunikwa na theluji na ukungu, na upande wa kaskazini kuna majabali yanayoporomoka mamia ya meta. Mwenzangu alikuja na shanta la lita 40. Mimi niliazima la lita 70, nikalijaza mpaka likatuna, na nje nikaning'iniza godoro la sponji, kikombe na vinginevyo. Nilijiona mpanda mlima hasa.

Tulipanda kwa kufuata korongo la theluji, sululu mkononi na kramponi miguuni, yaani yale meno ya chuma yafungwayo chini ya buti. Kila nilipoinua kichwa kutafuta njia, kofia yangu ngumu iligonga kifuniko cha shanta. Upepo ulilivuta godoro nami nikayumba nalo. Mzigo ulinichelewesha, tukafika kileleni saa tisa alasiri, na kule Januari giza huingia mnamo saa kumi na nusu. Ukungu ukashuka. Sikuweza kuona buti zangu.

Kutoka kileleni hapo, mtu asiyeona hushuka kwa dira: nyuzi 231 za ramani kwa meta 150, akihesabu hatua, kisha nyuzi 282. Akikosea kidogo, makorongo yanamngoja pande zote mbili. Dira na ramani tulikuwa tumekubaliana nibebe mimi. Nami, Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimeviweka chini kabisa ya shanta.

Bizimu zilikuwa ndogo, ikanibidi nivue glavu. Moja ikachukuliwa na upepo. Nikatoa nguo, chakula na begi la kulalia, nikavimwaga juu ya theluji, na vingine vikaenda na upepo. Nilipoigusa dira vidole vilikuwa vyeupe, havisikii kitu. Mwenzangu hakunilaumu. Alifungua kifuniko cha shanta lake, akatoa glavu za akiba zilizokuwa juu kabisa, akanivika kama anavyovikwa mtoto. Kisha akaichukua dira akaongoza. Tulifika bondeni usiku. Ncha za vidole viwili vya mkono huu hufa ganzi mpaka leo hali ya hewa ikipoa. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba kiburi changu kilikaribia kumuua mtu aliyenialika kwa wema.

Basi vijana, sikilizeni. Kwa safari yenu lita 35 hadi 45 zatosha. Shanta likiwa kubwa, mtalijaza tu. Mkiamua kulala kwenye kibanda cha bati kilicho juu ya Nelion, mtahitaji begi la kulalia, na lita 45 zitalimeza.

Pili, msichague kwa rangi wala kwa kimo cha mtu. Pimeni mgongo, tangu mfupa ule unaojitokeza shingoni mtu akiinama hadi usawa wa juu wa nyonga. Wawili wenye kimo kimoja huweza kuwa na migongo tofauti.

Tatu, mkanda wa kiuno ni mzuri wakati wa kutembea, maana huhamishia uzito nyongani. Lakini ukutani hugombana na mkanda wa kupandia mliofungia kamba. Tafuteni ule unaong'oleka, au mwembamba.

Nne, nje pawe patupu. Mifuko ya wavu hujaa theluji, na kila kinachoning'inia hunasa kwenye mwamba. Pawe na vitanzi imara vya sululu na kanda za kubana mzigo unapopungua. Kramponi zifunikwe meno zisitoboe nguo wala mtu. Ndani tandikeni mfuko mzito wa plastiki, kwa kuwa kitambaa peke yake hakizuii maji.

Tano, mkiwa bado dukani tieni kilo kumi ndani, vaeni kofia ngumu, tazameni juu. Vaeni glavu nene, fungeni na kufungua kila bizimu. Mkishindwa dukani, mtashindwa zaidi kwenye Lango la Ukungu, lile pengo lililo kati ya Nelion na Batian.

Na hata shanta zuri haliwezi kumsaidia asiyejua kulipanga. Vizito vikae karibu na mgongo. Dira, tochi na glavu za akiba viwe juu, mahali ambapo mwenzako naye anapajua.

Ndugu Mwenyekiti, nimesikia wako wanachama wanaotaka kuwachangia vijana hawa mashanta makubwa ili chama kionekane kimetoa. Nawaomba, kwa heshima, tuwanunulie madogo, na fedha itakayobaki iwe ya glavu. Mimi natanguliza jozi tano.