Dinari Mbili za Msamaria

Somo letu la leo limo katika Injili ya Luka, sura ya 10, mstari wa 25 hadi 37.

Habari za Msamaria mwema twazijua tangu shule ya Jumapili. Twawakumbuka wanyang'anyi, kuhani na Mlawi. Twakumbuka mafuta na divai. Lakini dinari mbili twazisahau. Msamaria alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa na gharama itakayozidi. Huruma yake haikukaa moyoni tu; ilifika mfukoni.

Hapo ndipo sisi tulipokosa. Mama mmoja alituletea binti yake aliyenajisiwa njiani jioni. Tulilia nao, tukaomba, tukawapa chai. Zahanati ya karibu ilikuwa imefungwa, na nauli ya kwenda hospitali hawakuwa nayo. Hatukuwauliza. Walifika hospitali siku ya tano. Nayo dawa ya kumkinga mtu na virusi vya UKIMWI haina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Usiku ule sanduku la sadaka lilikuwa ofisini mwetu, limefungwa kwa kufuli. Kila tukimwona binti yule kanisani, twazikumbuka siku zile tano.

Sheria ipo. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 yampa aliyetendewa uhalifu haki ya kusaidiwa, tena iliagiza uwepo mfuko wa fedha kwa kazi hiyo. Polisi ni wa Serikali ya Taifa, lakini zahanati na hospitali za kaunti ni mzigo wa serikali ya kaunti. Basi mganga wa zamu ya usiku, dawa kabatini na mshauri wa kumsikiliza aliyeumizwa hawapatikani kama hawakuwekwa katika makadirio ya fedha. Makadirio hayo hupelekwa katika bunge la kaunti kila mwaka kufikia tarehe 30 Aprili, na Katiba yataka wananchi washirikishwe. Je, tukiitwa mkutanoni twaenda? Na tukienda, twataja barabara peke yake?

Mwenzetu atasema, "Hiyo ni siasa." La, ndugu. Kodi tunayolipa ni dinari zetu pia. Mwenye nyumba ya wageni hawezi kumtunza majeruhi kwa wimbo.

Wala kanisa lisijifiche nyuma ya serikali. Kila kanisa na liweke akiba ndogo ya nauli, na ajulikane ni nani mwenye ufunguo, hata usiku wa manane.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe tuliopita kando. Utufungue mioyo, na mikono, na masanduku yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.