Moyo wa Mfanyabiashara na Mali ya Wenziwe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, twajiusia nafsi zetu, kisha twawausia nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo twamtaja mtu aliyepewa kuongoza biashara ya shirika, naye kila jambo husema, "Moyo wangu waniambia tununue," na wenziwe wakanyamaza.

Hatuudharau moyo. Sahaba Wabisa bin Maabad alipokuja kuuliza juu ya wema na dhambi, Mtume (S.A.W.) alimrejesha kwenye moyo wake mwenyewe: dhambi ni ile imkereketayo kifuani, hata watu wakimtolea fatwa ya kumruhusu. Lakini angalieni vyema: hapo moyo watajwa kwa kazi ya kuzuia. Ukiingiwa na shaka juu ya mkataba, ijapokuwa umekwisha kupigwa mihuri yote, simama. Ama moyo ukuhimizao kukimbilia faida, huo wataka kuhojiwa, kwani tamaa nayo hukaa mumo humo kifuani na husema kwa sauti ile ile.

Mtazameni Bibi Khadija (R.A.), mfanyabiashara wa Makka. Alisikia sifa za uaminifu wa Muhammad kabla hajapewa utume, akamkabidhi mali aende nayo Sham. Hata hivyo alimtuma Maisara, mtumishi wake, afuatane naye. Na waliporudi aliitazama faida, akaisikiliza na habari ya Maisara. Ndipo moyo wake ulipotua.

Wengine hutoa udhuru wa istikhara. Sala hiyo, kama alivyoipokea Jabir bin Abdullah, ni rakaa 2 zisizo za faradhi, na dua. Ndoto si sharti lake, wala haihalalishi riba. Nayo haiondoi mashauri. Kabla ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), Mtume mwenyewe alipendelea kubaki Madina; wengi walitaka kutoka, naye akatoka nao. Baada ya msiba ule, Qur'ani, katika sura ya Aali Imran, ilimwamrisha awasamehe na ashauriane nao. Basi meneja wa duka ni nani hata asishauriwe?

Na mali yenyewe si yake. Katika mudharaba, hasara ikitokea bila ya uzembe wala kuvunja sharti, mwenye mtaji ndiye apotezaye fedha. Mfanya kazi hupoteza jasho lake. Huenda fedha hiyo ni ya mjane. Na alifungue daftari mbele ya wenziwe, awaambie bei, deni, na lile limtialo khofu, kabla hajatia sahihi.

Twasema haya, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu.